Chozi na maua ya uani: nimwambieje binti yangu?

MamaWawili: Wadau, naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Binti yangu wa Gredi ya Sita amepewa kazi ya kulinganisha ndege mmoja na mmea mmoja unaotoa maua. Kachagua chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, na yale maua ya rangi ya chungwa yanayolizunguka shina kama mipira. Mimi nataka achukue korongo wa pale Uwanja wa Nyayo, Nairobi, na mjakaranda. Nimshawishi vipi?

Mlezi_Kasarani: Mwache na chozi. Hao wawili wanafaana. Ua ni mrija, na mdomo wa chozi umepinda ukaingia humo. Akifyonza, chavua inamganda kwenye paji la uso, anaipeleka ua la pili. Mjakaranda asili yake Amerika Kusini, na korongo hana haja na maua yake. Mtoto ataandika nini?

GukaWaShamba: Sisi tukichunga mbuzi tulikuwa tunachomoa maua hayo na kufyonza utamu wake. Tulikuwa tunawatangulia nyuki! Watoto wa leo wanajua sukari ya duka tu.

Atis_Kahawa: Mama, chozi kakukosea nini?

MamaWawili: Haya. Kichaka cha maua hayo kiko uani kwetu, na ndani mna kiota cha chozi. Jumamosi kijana anakuja kufyeka tupate pa kuegesha gari. Nimeshampa nusu ya pesa. Na ndege ana mabawa, atahamia kwingine.

MwalimuMstaafu: Ana mabawa, makinda hayana. Jike hufuma kiota peke yake na kuatamia peke yake wiki mbili hivi. Wewe ni mzazi, unalielewa hilo.

Polepole: Huu uzi umetungwa. Yale mashina ya pembe nne ni membamba, kiota kitaning'inia wapi? Na picha iko wapi?

MamaWawili: Sikusema kiko kwenye maua. Kiko kwenye tawi la mpera lililozama kichakani. Mfuko wa nyasi na utando wa buibui, mlango ubavuni. Dume anang'aa kama shaba, ana mkia mrefu. Jike ana michirizi kifuani. Jana binti yangu kaona kinda likipanua mdomo, akaniita kwa kunong'ona. Nimetunga hilo?

Polepole: Niwie radhi, mama. Huyo chozi ninamjua, yuko hata kwetu.

MamaWawili: Nimempigia kijana. Pesa kashaitumia. Nimwambie aanzie langoni?

Mlezi_Kasarani: Aanzie langoni, na mpera asiusogelee mpaka makinda yaruke. Na binti aandike kuhusu ule mdomo.