MREJESHO: Babu yangu aliyepotea vitani, Tabora

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kumtafuta babu mzaa baba, aliyeondoka Urambo na jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili asirudi. Nyumbani tuliambiwa alifia Burma.

Hakufika Burma. Mlinielekeza orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa jina sikupata kitu, maana karani alilipindapinda. Nikatafuta kwa namba ya jeshi iliyo kwenye karatasi ya bibi. Ikasoma: kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, alifariki 12 Februari 1944. Ni siku meli iitwayo Khedive Ismail, iliyobeba askari wa kikosi hicho, ilipozamishwa na nyambizi ya Kijapani, ikitoka Mombasa kwenda Colombo.

Jina lake lipo kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari hao, Nairobi. Baba alilia sana. Ahsanteni mno! Tunapanga hitima baada ya mavuno.