Tupeane uzoefu: homa ya kupe imeniulia mbwa, nyinyi mmepambana nayo vipi?

Wakuu, Jumamosi nimemzika mbwa wangu, na bado naumia. Jumatatu alisusa ugali na dagaa, nikadhani ni joto tu. Jumatano mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe pee! Daktari wa mifugo akasema ni babesia, vijidudu vinavyoletwa na kupe na kupasua chembe nyekundu za damu. Alichomwa sindano, lakini nilishachelewa. Waliopitia haya, tuambieni.

Mdau wa Morogoro: Pole sana mkuu. Wangu alipata erlikia, ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kupe, nao huja kimyakimya. Alikonda miezi kadhaa, halafu asubuhi moja nikakuta matone ya damu sakafuni, yanamtoka puani. Akaandikiwa doksisaiklini siku 28. Siku ya nne alishaanza kurukaruka, nikataka kuacha dawa. Daktari akakataa katakata, na namshukuru hadi leo.

Ila jamani, angalieni banda! Huyu kupe wa kahawia hahitaji majani wala ng'ombe. Jike hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za ukuta. Usiku nilimulika tochi ya simu, nikaona vijikupe vidogo kama ufuta vinapanda ukutani. Niliziba nyufa kwa saruji, nikapuliza dawa, na baada ya wiki mbili nikarudia. Kumwogesha mbwa peke yake ni kazi bure.

Mdau wa Mugumu: Huku kwetu pembeni mwa hifadhi adui ni nzi wa ndorobo. Wangu alivimba uso, jicho likaingia ukungu wa bluu. Watu wakasema ni mtoto wa jicho. Damu ilipopimwa, ni trypanosoma, vijidudu vya damu vinavyoletwa na ndorobo. Na tafadhali, msichome dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Jirani alifanya hivyo, mbwa akaanza kuyumba, akafa. Kwa mbwa, kipimo kinachotibu na kinachoua vimekaribiana sana. Apimwe uzito kwanza, na achome daktari.

Mdau wa Tanga: Kupe mnawatoaje? Mimi huwapasua kwa kucha.

Mdau wa Morogoro: Usipasue, ndugu yangu. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu bila kuzungusha, kisha mtumbukize kwenye spiriti.

Mwanzisha mada: Asanteni. Nimebaki na mtoto wake wa miezi mitano. Nimemkagua jioni hii: kupe watatu ndani ya sikio la kushoto, mmoja katikati ya vidole. Fizi bado ni za waridi. Kesho asubuhi tunakwenda kupima damu, nikirudi naanza na banda.