Naomba ushauri: hifadhi ya ndani ya masasisho, ninunue diski ya ukubwa gani?

Mlinzi wa Swichi (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninasimamia kompyuta zipatazo 60 zenye Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), zote zikitegemea njia moja ya intaneti. Masasisho yakitoka, kila moja huteremsha vifurushi vilevile kwa wakati uleule, na kwa saa kadhaa hakuna anayeweza kufungua hata barua pepe. Nimeamua kuweka seva yenye nakala ya hifadhi nzima kwa kutumia apt-mirror. Nakala ya kwanza imekamilika, ila diski imebaki na nafasi ndogo. Swali langu ni moja tu: ninunue diski ya ukubwa gani ili nisisumbuke tena kwa miaka miwili mitatu? Kuna jambo dogo la ziada: baadhi ya kompyuta zinatoa kosa la "Hash Sum mismatch" (alama za kuhakiki faili hazilingani) zinapoendesha apt update, amri ya kuangalia masasisho, lakini nadhani ni kwa sababu diski inakaribia kujaa. Naomba majibu mapema, kwa kuwa nimekwisha kumwahidi mkuu wangu kwamba kazi iko tayari.

Kokotoa
Mkuu, kabla ya diski, nani alikwambia unahitaji hifadhi nzima? Debian 12 ilipotolewa Juni 2023 ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na kompyuta ya kazi za kawaida hutumia sehemu ndogo sana ya hivyo. Unateremsha mamia ya gigabaiti, kisha unaendelea kuteremsha matoleo mapya ya programu ambazo hapo kwenu hakuna mtu atakayezifungua maishani. Weka apt-cacher-ng. Kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi, seva inakifuata nje na kukitunza. Zilizobaki zinapewa nakala hiyohiyo. Diski uliyo nayo itakutosha na kubaki.

Mlinzi wa Swichi
Asante ndugu, lakini uamuzi wa apt-mirror ulishapita na hata ripoti imeandikwa hivyo. Ninachoomba ni ukubwa wa diski.

Baba Seva
Sisi wa upande wa Windows tuliyaonja hayo kwenye WSUS, seva ya Microsoft ya kugawa masasisho. Mtangulizi wangu aliweka alama kwenye lugha zote na kwenye viendeshi vyote, akaidhinisha kila kinachokuja, halafu akawa analalamika kuwa diski haitoshi. Tuliponunua kubwa zaidi, nayo ikajaa. Nilipobakiza lugha mbili tunazozitumia, nikakataa masasisho yaliyopitwa na mengine na kuendesha usafishaji, nafasi ikarudi bila kununua kitu. Na sasa, tangu Septemba 2024, Microsoft wenyewe wametangaza kuwa WSUS haitaongezewa uwezo mpya, kwa hiyo hata sisi tunatafuta pa kuhamia. Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo.

Chombeza
Nunua diski ndogo na kiti kikubwa. Diski ikijaa, unakaa kitini unafuta.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu mleta mada, mimi sina utaalamu mkubwa wa Debian, lakini nimeongoza vijana wengi wa ufundi. Kumwahidi mkuu wako kazi ambayo haijakamilika ni tabia inayoharibu jina la fundi kuliko kosa lolote la kompyuta. Mwambie ukweli mapema, halafu ndipo utafute diski.

Fundi Mkimya
Tuache diski kwanza. Kwa mpangilio wake wa kawaida, apt-mirror haifuti vifurushi vya zamani. Inakuandalia skripti ya clean.sh na kukuachia wewe uiendeshe. Ukiiendesha utapata nafasi kiasi. Ninachotaka kukiona ni mambo mawili: mstari kamili wa kosa, mpaka neno la mwisho, na mstari wa hifadhi ulioandika kwenye sources.list (faili linaloiambia kompyuta iteremshe vifurushi wapi) ya kompyuta mojawapo. Vilevile, je, kompyuta zinasasishwa wakati seva yenyewe inaendelea kunakili? Faharasa (orodha ya vifurushi) ikiwa mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine, kosa hilo hutokea.

Mlinzi wa Swichi
Kunakili hufanyika usiku, kompyuta zikiwa zimezimwa. Mstari wa sources.list ni wa kawaida tu, hauna jambo.

Fundi Mkimya
Kama hauna jambo, basi hauna sababu ya kufichwa. Ubandike, mkuu.

Mlinzi wa Swichi
Haya:

deb [trusted=yes] http://192.168.10.5/debian bookworm main

Na mwisho wa kosa unasomeka hivi: Hash Sum mismatch, IP: 192.168.10.2 3142.

Kabla hamjanirukia kuhusu hilo neno la trusted, naomba nieleze. Kuna vifurushi vya printa tulivyovitengeneza wenyewe, nikaviweka kwenye folda ya seva hiyohiyo na kuviorodhesha kwa dpkg-scanpackages, na apt ikawa inavikataa kwa kukosa sahihi ya kidijitali. Nilitumia amri moja kuongeza neno hilo kwenye mistari yote ya kompyuta zote, na malalamiko yakaisha. Mtandao wetu ni wa ndani na mgeni haingii.

Kokotoa
Kwa hiyo ulikuja kuuliza ukubwa wa diski, kumbe umekwisha kuzima ukaguzi wa sahihi kwenye kompyuta zote 60.

Fundi Mkimya
Hilo ni zito kuliko diski. Sahihi iliyo kwenye faili la InRelease inathibitisha orodha ya alama za SHA256 (za kuonyesha kama faili limebadilishwa), na alama hizo ndizo zinazothibitisha kila kifurushi. Ukikata kiungo hicho cha kwanza, yeyote atakayeishika seva yako anaweza kuandika orodha yake mwenyewe, na kompyuta zote zitasakinisha anachotaka kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mwenye uwezo wote. Tena kwa kosa lako haisaidii kitu: trusted=yes inaruka sahihi tu, lakini alama bado zinalinganishwa, ndiyo maana "Hash Sum mismatch" ipo palepale.

Kipimapembe
Nimesoma uzi huu tangu juu na ninaona umetungwa. apt-mirror haisikilizi poti yoyote; inanakili faili, na anayezitoa ni Apache au nginx, kwa kawaida kwenye poti 80. Poti 3142 ni ya apt-cacher-ng, programu ambayo mleta mada anasema hakuitaka. Tena seva yake ni 10.5, na kosa linataja 10.2. Hapa mtu ameokota kosa la mwenzake mahali fulani akalipachika kwenye zoezi la darasani, na nyinyi mnamfanyia kazi yake bure.

Chombeza
Kama ni zoezi, mwalimu wake ni mkatili. Nimeshaanza kumwonea huruma huyo mkuu aliyeahidiwa.

Mlinzi wa Swichi
Sijatunga chochote. Nimenakili kilichokuwa kwenye skrini. Hiyo 10.2 hata mimi siijui.

Fundi Mkimya
Kipimapembe ameona jambo la kweli, ila maelezo mengine yanawezekana. Endesha hii kwenye kompyuta inayokataa, halafu kwenye inayokubali:

apt-config dump | grep -i proxy

Kama kuna mstari wa Acquire::http::Proxy, basi kompyuta hiyo haiendi kwenye seva yako moja kwa moja, bali inapitia kwa mtu wa kati. Huyo wa kati akikupa faharasa aliyoitunza zamani pamoja na InRelease mpya, alama haziwezi kulingana.

Mlinzi wa Swichi
Nimerudi. Zinazokataa zote zina faili la proksi ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, na zote ni zile nilizozikuta nilipokabidhiwa kazi. Zinazokubali ni mpya. Hiyo 10.2 ni kompyuta ndogo iliyo juu ya kabati la swichi, imejaa vumbi, ambayo siku zote nilidhani ni ya kamera. Ndani yake kuna apt-cacher-ng, na diski yake imejaa kabisa. Nimeliondoa faili hilo kwenye kompyuta chache na apt update imepita.

Kokotoa
Yaani dawa niliyokuandikia mlikuwa nayo juu ya kabati.

Kipimapembe
Suala la poti nimeridhika. La trusted=yes bado.

Mlinzi wa Swichi
apt-mirror nitaendelea nayo, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye ripoti. Na trusted=yes nitaiondoa mwisho wa mwezi, shughuli zikipungua.

Fundi Mkimya
apt-mirror ni hiari yako, ingawa masasisho ya usalama ningeyaacha yatoke security.debian.org bila kusubiri zamu ya usiku. Hilo la pili usilisubirishe. Kwenye mstari wa Debian liondoe leo hii, kwa sababu ufunguo wa Debian tayari umo ndani ya kila kompyuta na hakuna kitakachoharibika. Vifurushi vya printa vitenge kwenye hifadhi yao ndogo, uitie sahihi kwa programu ya reprepro au aptly kwa ufunguo wako mwenyewe, na ufunguo wa wazi uusambaze kwanza kwenye /etc/apt/keyrings ya kompyuta zote. Ukishafika kote ndipo ubadilishe mstari wa printa uwe na signed-by, inayotaja ufunguo huo. Ukigeuza mpangilio huo, kesho asubuhi kompyuta zote zitakataa vifurushi vya printa kwa pamoja.

Mlinzi wa Swichi
Sawa, mkuu. Ninaanza na zile mpya.