Waranti ya S9 ya mtumba: nilinunua F, nikarudishiwa U, sasa nimepewa F yenye Knox iliyoungua

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nimetoka stendi sasa hivi. Simu moja imenipandisha gari kutoka Masasi kwenda Mtwara mara tatu, kilomita kama 200 kwenda tu, na mpaka leo sijapata kile nilichokilipia.

Nilinunua Samsung Galaxy S9 ya mtumba kwenye duka moja Mtwara mjini, shilingi 420,000, waranti miezi sita, risiti ya EFD ninayo. Kabla ya kutoa hela nilifungua mipangilio mbele ya muuzaji nikasoma modeli: SM-G960F. Hiyo F ndiyo iliyonifanya ninunue. Ni ya kimataifa, prosesa yake Exynos 9810, na butiloda yake, ile programu inayowasha mfumo wa simu, inafunguka. S9 ilitoka 2018 na kiwanda kikaiachia kwenye Android 10, kwa hiyo anayetaka iendelee kupata matoleo mapya inabidi aifungue aweke LineageOS, Android ya bure isiyotoka kiwandani. Huo ndio ulikuwa mpango wangu waranti ikiisha. Nina kibanda cha uwakala wa fedha na kudurufu, bando nanunua kwa jasho langu, na nataka kuruti, yaani kupata mamlaka yote juu ya mfumo wa simu, ili nizibe programu zinazokula data bila ruhusa yangu. Muuzaji nilimweleza yote. Akasema hakuna shida.

Mwezi wa pili tundu la chaji likafa. Simu ikapelekwa Dar, nikakaa wiki tatu bila simu, nikaitwa kuchukua mbadala "iliyokarabatiwa". Nje ni S9, rangi ileile. Nafika nyumbani nafungua mipangilio: SM-G960U.

Kwa asiyejua, U ni toleo la Marekani. Ndani ina prosesa ya Snapdragon 845, na butiloda imefungwa. Kwenye mipangilio ya wasanidi, ile swichi ya OEM inayoruhusu kufungua butiloda haipo kabisa. Hakuna kusubiri siku saba ndipo itokee, hakuna kuomba namba ya kufungulia. LineageOS ya S9 imetengenezwa kwa ajili ya Exynos, kwenye hii haikai. Nikapiga simu dukani, fundi wao ananiambia, "Bosi, ilete tu tuipige fimwea ya F, itakuwa kama yako." Jamani! Fimwea, yaani programu ya mfumo wa simu, ya Exynos uiweke kwenye Snapdragon? Hizo ni bodi mbili tofauti. Mtu anayekarabati simu za watu kwa hela hajui hilo, na ndiye anayeamua simu gani ni "sawa" na yangu.

Nikapanda gari tena. Safari hii nikagoma kuondoka kaunta mpaka waandike SM-G960F kwenye fomu. Waliandika. Ya pili nimeichukua leo asubuhi, na kweli ni F. Nikaizima palepale nikabonyeza sauti chini, Bixby na kuwashia, nikaingia kwenye ile skrini ya kupakua fimwea. Mstari wa waranti umeandikwa 0x1.

Hiyo namba ni ya Knox, ulinzi wa Samsung, na ni fyuzi ndani ya chipu. Simu ikiwekewa programu isiyo rasmi inatoka 0x0 inakwenda 0x1, na hairudi, hata uipige fimwea ya kiwandani mara mia. Maana yake simu hii kuna mtu alishairuti, wakaifuta, wakaipangusa, wakaipa jina la kukarabatiwa. Folda Salama, ninamoweka nyaraka za wateja, inakataa kufunguka.

Kijana wa kaunta akanijibu: "Si wewe mwenyewe ulitaka kuruti? Sasa 0x1 inakuuma nini?" Inaniuma kwa sababu uamuzi wa kuichoma ulikuwa wangu, kwenye simu yangu, siku nitakayochagua. Na inaniuma zaidi kwa sababu karatasi yao ya waranti, ambayo ninayo mkononi, imeandika kwamba simu iliyochezewa programu haina waranti. Wamenipa simu ambayo kwa karatasi yao wenyewe haina waranti tangu dakika niliyoipokea! Ikifa kesho watasoma 0x1 wataniambia nimeichezea mimi.

Halafu betri inaisha kabla ya saa nane mchana. Ushauri wao ni kushusha toleo, nirudi Android 9. Fimwea iliyopo ni G960FXXUHFVG4. Tazama herufi ya tano kutoka mwisho, ile H: ndiyo ngazi ya butiloda. Zinahesabiwa 1 mpaka 9, kisha A, B, kuendelea. Ngazi ikishapanda haishuki, Odin, programu ya kompyuta ya kuwekea fimwea, itakutupia kosa na kusimama. Fimwea za Android 9 zote ziko ngazi za chini. Nao wanataka nilipie kazi hiyo.

Jambo jingine, IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Nilibonyeza *#06#, nikatuma namba kwenda 15090 ya kuhakiki simu, jibu limekuja sawa. Lakini risiti yangu bado ina IMEI ya simu ya kwanza. Nikisimamishwa leo nathibitishaje kwamba hii ni yangu? Nimeomba risiti mpya, wanasema mashine haifanyi hivyo.

Ninachodai ni kidogo. G960F yenye 0x0, ngazi ya fimwea niambiwe kabla sijapokea, na IMEI iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri. Wakishindwa, 420,000 yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani (FCC) nimeshaanza kuyaandika, na picha za zile skrini mbili zipo.

Jumatatu narudi Mtwara na boksi, risiti na fomu yao. Aliyewahi kupewa mbadala wa namna hii akafanikiwa kurudishiwa hela, naomba aniambie alianzia wapi.