Mliojifungua tena baada ya kuongezewa njia, tupeane uzoefu: mlichanika?

kijacho_wa_pili:
Habari zenu wapendwa. Niko wiki ya 33, mimba ya pili. Uzazi wa kwanza niliongezewa njia, yaani nilikatwa msamba (pale kati ya uke na njia ya haja kubwa) ili mtoto apite, nikashonwa, na kile kidonda kilinitesa kuliko uchungu wenyewe. Kukaa shida, kukojoa kunachoma, haja kubwa ndiyo usiseme. Sasa mtoto akicheza tu nawaza kovu. Wifi yangu ananiambia ukishakatwa mara moja utakatwa kila uzazi. Mama mkwe anasema njia imeshafunguka, nitazaa kama kupiga chafya. Mliopitia, mara ya pili ilikuwaje? Semeni hata kama ni kubaya, ila hadithi za jirani wa binamu yake fulani hapana, nina za kutosha.

Kitenge:
Wa kwanza nilikatwa bila kuulizwa wala kuambiwa. Ganzi sijui kama walichoma, nilichosikia ni mlio wa mkasi. Kwa wa pili nikabadilisha kituo, na nilipofika tu, uchungu bado haujachachamaa, nikamwambia mkunga: "Sista, mwanzo niliongezewa njia. Kama hakuna ulazima naomba usinikate, na kama upo niambie kwanza." Akanijibu, "Sawa mama, ila na wewe utanisikiliza."

Kichwa kilipoanza kuonekana akasema acha kusukuma, hema kwa mdomo. Jamani! Mwili mzima unataka kusukuma halafu mtu anakwambia acha. Huko kuacha ndiko kulikonitoa jasho. Yeye mkono mmoja kwenye kichwa cha mtoto asitoke kwa kasi, mwingine ameushikilia msamba kwa kitambaa. Akawa ananiambia, "Kidogo. Hema. Kidogo tena." Kilo 3.4 huyo. Nilichubuka pembeni ya kovu, ngozi tu, hakushona kitu. Kesho yake nimekaa kitako kwenye kigoda nanyonyesha, mama yangu haamini.

Bi Kijoti:
Mimi wote wanne nimekatwa. Niko hai. Haya endeleeni.

kijacho_wa_pili:
😂😂 Bi Kijoti jamani, umenisaidia nini sasa?

mkunga_wa_zamu:
Naomba niingie maana leba ndiyo kazi yangu. Wifi yako hayuko sahihi, mama mkwe ana nusu ya ukweli. Uzazi wa kwanza wa kawaida ndio unaochana zaidi, wa pili misuli imeshawahi kutanuka na mara nyingi kusukuma ni kwa muda mfupi. Lakini kovu halivutiki kama nyama nzima, kwa hiyo ukichanika kuna uwezekano pakaachia palepale pa zamani. Kwa wengi linakuwa jeraha dogo.

Michaniko ina madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu. La pili linafika kwenye misuli ya msamba. La tatu linagusa msuli unaobana haja kubwa, na la nne linapita hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Sasa sikilizeni, maana wengi hawaambiwi: kuongezewa njia kunakata ngozi na misuli, yaani kwa ukubwa ni sawa na mchaniko wa daraja la pili. Nikikukata ili "usichanike", nimeshakupa jeraha ambalo huenda usingelipata kabisa, au ungepata dogo kuliko hilo.

Zamani karibu kila mzazi wa kwanza alikatwa, ndivyo wengi wetu tulivyokuta kazini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, halipendekezi kumkata kila mama anayejifungua kwa kawaida. Zinabaki sababu za msingi, kama mapigo ya mtoto yameshuka na anatakiwa atoke sasa hivi, au anavutwa kwa kifaa. "Ulikatwa mara ya kwanza" peke yake si sababu. Na ikibidi ukatwe, ganzi ni haki yako, na mkato uelekee pembeni, usishuke wima kuelekea haja kubwa.

Halafu acheni kuhesabu nyuzi! Mtu anajisifu nyuzi kumi, mwingine tatu, wakati wengi wetu tunashona kwa uzi mmoja mfululizo. Ulizeni daraja.

Moshi_Mjini:
Mimi ni ule upande mbaya, mwenye woga aruke. Wa kwanza niliongezewa njia, nikapona vizuri tu. Wa pili alikuwa kilo 4.2, kichwa kikatoka mabega yakakwama. Kwenye ile purukushani nikachanika daraja la tatu. Nilipelekwa chumba cha upasuaji kushonwa, ndivyo inavyotakiwa, daraja la tatu halishonwi gizagiza pale kitandani. Miezi ya mwanzo ushuzi ulikuwa unanitoka bila ruhusa, hata kanisani. Nilinyamaza kwa aibu, nikidhani ndiyo kuzaa. Rafiki yangu muuguzi ndiye alinisukuma nirudi hospitali, nikafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga: unabana kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unahesabu, unaachia. Nimerudi vizuri. Wa tatu tulikubaliana na daktari nifanyiwe upasuaji.

Sisemi hivi kukutisha. Muulize daktari makadirio ya uzito wa mtoto na mlalo wake, na wajue mapema kama sukari yako iko juu.

kijacho_wa_pili:
Pole sana dada, na asante kwa kusema la ushuzi, hilo hakuna anayelitaja. Na kuhusu kukanda msamba kwa mafuta, kuna aliyejaribu?

Mwanamvita:
Mie hapa, Mombasa. Kuanzia wiki ya 35, mafuta ya nazi, mikono safi na kucha fupi. Kidole gumba unakiingiza kidogo, unavuta kuelekea chini na pembeni mpaka usikie kunachoma kwa mbali, unashikilia kisha unaachia. Tumbo likikua huoni kitu, basi mume wangu akachukua kazi. Usiku wa kwanza tulicheka mpaka mama akagonga ukuta. Nilichanika kidogo hata hivyo, nikashonwa, lakini maumivu hayakuwa yale ya mwanzo.

mkunga_wa_zamu:
Hapo Mwanamvita amesema kweli bila kujua. Kukanda kumeonekana kuwasaidia zaidi wanaozaa mara ya kwanza wasichanike. Kwa nyie mliokwisha kuzaa, faida iliyoonekana ni kupungua kwa maumivu miezi kadhaa baadaye. Chenye ushahidi mzuri dhidi ya michaniko mikubwa ni kitambaa cha maji ya moto kiasi kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma. Na mwenye maambukizi ukeni au chupa ya uzazi iliyopasuka asikande.

Mama Leeds:
Nipo Uingereza. Huku mkunga aliniuliza kliniki kuhusu kovu kabla sijafungua mdomo. Nilizaa nimelala ubavu, mguu mmoja umeshikiliwa juu, kitambaa cha moto chini. Sikuchanika. Kwa faida ya Moshi_Mjini: huku wenye daraja la tatu au la nne wanaambiwa kama 5 hadi 7 kati ya 100 hurudiwa na mchaniko wa aina hiyo, na wanapewa nafasi ya kuchagua njia ya kujifungua.

Kitenge:
Nimesahau jambo. Bibi alikuja kunikanda! Mnajua maji ya bibi, yanatoka jikoni yanachemka. Tumboni nilivumilia, ila alipotaka kushuka huko chini nilipiga yowe.

mkunga_wa_zamu:
Na ulifanya vema. Tunapokea wazazi wameungua juu ya mshono. Maji yawe ya uvuguvugu, unasafisha kuanzia mbele kwenda nyuma, unakausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, pedi unabadilisha mara kwa mara. Wakati wa kukojoa jimwagie maji, hapachomi. Papai, mboga, maji mengi, choo kisiwe kigumu. Ukiona homa, usaha, harufu mbaya, mshono umeachia, au haja na mkojo vinavuja, usingoje siku ya kliniki.

Dada Pili:
Samahani, swali la pembeni. Kuna anayesema ukishonwa uombe "wakubane kidogo" kwa ajili ya baba. Ni sawa?

mkunga_wa_zamu:
Si sawa. Mshono unarudisha nyama mahali pake, basi. Ukibana zaidi, tendo la ndoa linakuwa maumivu, na uzazi ujao panachanika palepale. Anayetaka kubana afanye mazoezi ya nyonga.

kijacho_wa_pili:
Nimeandika yote. Kliniki ijayo namwambia nesi aandike kwenye kadi kuwa nina kovu. Hicho kitambaa cha moto nibebe cha kwangu?

mkunga_wa_zamu:
Beba. Taulo ndogo safi mbili au tatu, na chupa ya chai yenye maji ya moto, maana vituo vingi leba hakuna maji ya moto. Mwambie anayekusindikiza yeye ndiye mwenye chupa, wewe ukishaanza kusukuma utaisahau.