Waini nyekundu ya Kitaliano (Amarone) inaliwa na msosi gani? Niko Kigoma

Mgebuka_Mkavu:
Wakuu habari za jioni. Shemeji kaniletea waini ya Kitaliano imeandikwa Amarone della Valpolicella, alkoholi 15.5%, mi nimezoea zile tamu za Dodoma na hii naambiwa ni nzito balaa. Jumamosi wanakuja wakwe, tutakuwa sita, na mama watoto keshapanga migebuka (samaki wetu wa ziwani) ya mawese, ugali wa muhogo na sombe (kisamvu) pembeni. Itakubali kweli? Halafu naiweka friji au vipi, joto la huku mnalijua.

Fundi_Jiko:
Mkuu migebuka hapana, wape na soda au bia ya baridi. Waini nyekundu ina madini ya chuma kidogo, yakikutana na mafuta ya samaki, na mgebuka una mafuta haswa, mdomoni unabaki kama umelamba msumari. Hapo bado ule ukakasi wa maganda ya zabibu, unataka nyama yenye mafuta ndo unalainika. Hiyo uliyopewa sio ya kawaida, wanaitengeneza kule Verona, Italia, zabibu zikishavunwa hawazikamui, wanazianika ndani kwenye trei au vichanja miezi mitatu minne mpaka zinasinyaa na kupoteza kama theluthi ya uzito au zaidi, ndo wanakamua. Sukari imejikusanya, ikichachuka inageuka kilevi, ndo maana umeona 15.5, sheria yao yenyewe inataka isipungue 14. Kisha inakaa miaka miwili ndo iuzwe. Sasa kitu kimesubiriwa hivyo unakimwagia samaki??

Binti_Unyanyembe:
Hahaaa, Fundi umemtisha kaka wa watu. Mi niko Tabora, ningekuwa wewe ningetafuta mbuzi, mguu wote, upike taratibu na vitunguu vingi na nyanya kidogo mpaka nyama iachie mfupa, au ng'ombe ya kuchemsha ikaangwe baadae. Wenyewe Verona wana mchuzi wa nyama ya farasi unapikwa masaa kwenye waini nyekundu, farasi sisi hatuli lakini mbuzi anakaa vizuri tu hapo. Na kama kuna mtu anatoka huku mwambie akubebee uyoga, ule wa msituni mvua zikianza, ukaange na kitunguu, unaenda na waini nzito vizuri mno watu hawajui tu.

Sombe_na_Nyama:
Naongezea, sombe usiitoe. Mawese hayana shida, mwenye shida ni samaki, kwahiyo sombe ipikwe na nyama badala ya dagaa. Ila PILIPILI iweke pembeni kwenye kibakuli, alkoholi ya juu na pilipili vinachochea moto, mama mkwe atakunywa maji usiku kucha. Nyama choma inafaa ila ndimu usikamulie nyingi.

Fundi_Jiko:
La friji nilisahau. Nyekundu wanasema ya joto la kawaida lakini la kwao, sio la Kigoma, inatakiwa kama nyuzi 16 hadi 18. Fungua saa moja kabla, mimina kwenye jagi la kioo ipate hewa, kisha jagi liweke friji mpaka ipoe kiasi hicho. Barafu usitie. Chupa ni mililita 750, watu sita mnapata glasi moja moja ya wastani basi, kwahiyo msianze nayo, itoe nyama ikishafika mezani.

Mgebuka_Mkavu:
Asanteni sana. Mama watoto kakubali mbuzi kwa sharti migebuka ibaki ya mchana, waini ije jioni. Sasa baba mkwe sijui kama anatumia, naulizaje bila kuonekana mlevi?

Binti_Unyanyembe:
Mtume shemeji aliyeileta akaulize. Na kama hatumii, glasi yake ifunike na chupa urudishe friji, siku mbili tatu bado inanyweka.