Bima ya nyumba: hati inasema milioni 60, je hasara ya milioni 20 inalipwa yote?

Paa_la_Bati:
Habari wakuu. Hati ya bima iliyo mbele yangu ina milioni 60 kwa jengo na milioni 20 kwa vyombo. Kwa maandishi madogo kuna "kanuni ya wastani itatumika", ekisesi laki 5, na "kitu kimoja kisizidi asilimia 5". Naomba ufafanuzi:
1. Jiko likiungua, hasara milioni 20, inalipwa yote maana 60 haijafika?
2. Kuna bomba la ukutani linavuja na rangi imeanza kubabuka. Hiyo ni bima?
3. Kompyuta ya milioni 1.8 ikiibwa je?

Mkadiriaji:
Najibu la kwanza, maana ndilo linaloumiza watu wengi.

Milioni 60 ni kikomo cha juu tu. Siku ya hasara kinachoangaliwa kwanza ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo upya: kubomoa kilichobaki, kusomba kifusi, vifaa, mafundi, ada ya msanifu. Bei ya kuuzia haihusiki kabisa. Kiwanja hakiungui.

Tuseme kuijenga upya ni milioni 100. Hapo ndipo kanuni ya wastani inapoingia: umekatia bima asilimia 60 ya thamani, kwa hiyo asilimia 40 ya kila hasara, hata ndogo, unahesabiwa umeibeba mwenyewe:

60 ÷ 100 × milioni 20 = milioni 12
Toa ekisesi (kiasi cha kwanza cha kila dai unachobeba mwenyewe) laki 5 = milioni 11.5

Milioni 8.5 zinatoka mfukoni mwako, na kampuni haijakudhulumu. Baadhi ya hati zina unafuu: ukiwa umekatia angalau asilimia 80 au 85 ya gharama, wastani hautumiki. Tafuta sentensi hiyo kabla ya kusaini.

Dawa yake ni kupima eneo la sakafu, kulizidisha kwa gharama ya ujenzi kwa mita ya mraba, halafu kuongeza uzio, geti na tangi la maji kama vimo kwenye hati. Rudia kila unapohuisha bima. Saruji na nondo hazingoji.

Kokotoo:
Bomba: soma neno "ghafla". Bomba likipasuka usiku na maji yakaharibu dari na kabati, uharibifu wa maji hulipwa, ingawa bomba lenyewe kwa kawaida ni juu yako. Likivuja polepole kwa miezi, huo ni uchakavu, na uchakavu haukatiwi bima, sawa na mchwa na kutu.

Usidhani hawatajua. Mkaguzi wa hasara huangalia doa: la mara moja huwa na ukingo mmoja, la muda mrefu huwa na pete ndani ya pete, ukungu mweusi nyuma ya kabati na plasta inayomung'unyika ukiigusa.

Kibaya zaidi, sasa unajua linavuja. Ukiliacha mpaka lipasuke, watasema hukuchukua tahadhari. Funga bomba zote, soma mita, subiri saa 2 bila kutumia maji, soma tena. Namba ikisogea, vunja ukuta utengeneze, na risiti ya fundi uitunze.

Halafu maji yanayoingia kutoka nje ni mafuriko, kipengele kingine kabisa. Hati nyingi huyaacha nje mpaka uyaongeze.

Dalali_wa_Bima:
La tatu: asilimia 5 ya milioni 20 ni milioni 1. Hapo ndipo kompyuta inapoishia, labda uiorodheshe kwa jina, namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na bei. Vito na kamera vivyo hivyo.

Na wizi una masharti. Wengi hudai alama za kuvunja: kitasa, dirisha, nondo iliyokatwa. Mlango uliosahauliwa wazi huleta ubishi. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizoandikwa (mara nyingi 30 au 60), kinga ya wizi na ya maji husimama, hivyo ukisafiri toa taarifa kwa maandishi.

Kutofautisha jengo na vyombo, ipindue nyumba kichwa chini kwa mawazo. Kitakachodondoka ni chombo. Kabati lililopigiliwa ukutani ni jengo.

Angalia pia kama vyombo vinalipwa "kipya kwa cha zamani" au uchakavu unakatwa. Sofa ya miaka 8 kwa njia ya pili haikupi hata nusu ya sofa mpya.

Paa_la_Bati:
Shukrani wakuu. Basi nikipandisha hadi milioni 150 si nitakuwa salama zaidi?

Mkadiriaji:
Utalipa ada ya 150, na nyumba ikiteketea yote utapewa 100, maana bima hurudisha kilichopotea bila faida. Kukata bima kwa kampuni mbili nako hakusaidii, zitagawana hasara hiyohiyo. Weka gharama halisi ya kujenga upya, na nafasi kidogo ya kupanda kwa bei mpaka mwaka uishe.